Usiachie Mpaka Niseme

Sauti aliitambua kabla ya uso. Hafsa alikuwa amelala chali chini ya pikipiki ya mteja, spana mdomoni na grisi hadi viwikoni, mtu aliposimama mbele ya gereji yake karibu na stendi ya Korogwe akasema, "Habari za kazi, fundi. Breki yangu ya nyuma haishiki."

Stendi ilikuwa imepamba moto Jumamosi ile. Basi la Arusha lilikuwa linapiga honi, wauza machungwa wanagombania madirisha, wapiga debe wanavutana na abiria na mabegi yao. Katika makelele yote hayo sauti ile moja ikampenya sikioni, ikashuka hadi tumboni, na huko ikapakuta mahali pake pa zamani. Hafsa akaitoa spana mdomoni, asije akavunja meno kwa hasira.

Akajivuta nje taratibu. Kwanza aliona viatu vyeusi vilivyopigwa dawa mpaka vinang'aa. Halafu kanzu nyeupe yenye mikunjo ya pasi, koti la kijivu, kofia ya nakshi za kahawia. Juu ya yote hayo ukawa uso wa Ukasha. Alikuwa amenenepa kidogo, mshenzi yule, na unene ulimpendeza.

"Kumbe ni wewe!" Ukasha alisema, akijifanya ameshangaa.

"Ni mimi. Kwenye gereji ya marehemu baba yangu ulitegemea kumkuta nani, mkuu wa mkoa?"

"U mzima lakini?"

"Mzima wa afya. Na wewe umevaa hivyo unakwenda kuzikwa?"

Ukasha akacheka kidogo, kisha akajinyoosha koti. "Nakwenda Handeni. Leo navisha pete. Wazee wametangulia na gari, baba mkubwa Athuman ndiye msemaji wetu." Aliyasema hayo polepole, neno moja moja, kama mtu anayepanga nyanya sokoni ili kila moja ionekane.

Hafsa aliinama. Aliokota tambara akafuta mikono, akaifuta tena ilhali ilikuwa imekwisha takata.

Mwaka juzi, baada ya mavuno ya mahindi, mtu huyu huyu alimwambia akae tayari, wazee wake wanakuja nyumbani kwao Kilole kuposa. Mama yake Hafsa akapika wali wa nazi na kuku wa kienyeji, akaazima viti kwa majirani, akawaita shangazi kutoka Mombo. Watu wakakaa. Jua likapanda, likapinduka, likaanza kushuka, na hakuna aliyepiga hodi. Wali ukapoa, ukakauka juu, mwisho wakapewa kuku waliobaki uani. Mama mtu akarudisha viti vya watu kimoja kimoja, na kila mlango akaulizwa, "Wageni vipi?" Hafsa alimpigia Ukasha mara moja tu. Simu ikakatwa. Basi akaichomoa ile laini akaivunja kwa koleo.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Tangu siku ile Hafsa alijiapiza kwamba siku atakayompata mtu yule mikononi mwake, atamlipa. Hakumwombea radi wala ajali. Alitaka naye asubiriwe asifike, watu wapike, viti vipangwe, aibu imtafune kama ilivyomtafuna mama yake. Na leo Mungu amemleta mwenyewe, na kanzu juu.

Akachuchumaa, akaisukuma pedali ya breki kwa kiganja. Ikazama kama kidole kwenye unga wa maandazi.

"Nani aliifungua hii?"

"Mimi. Nilibadilisha pedi jana."

"Ukaingiza upepo. Na mafundi wote wale wa Segera, waliojipanga barabarani kama wanauza vitunguu, hukuwaona?"

Ukasha akaigusa kofia. "Nilikuwa na haraka."

Hapo Hafsa akaelewa. Mwenye haraka hapiti gereji zote akaja kusimama kwenye hii moja. Amekuja kumwonyesha kanzu. Damu ikamchemka upya, akamtazama usoni na kumwambia kwa upole kabisa, "Panda juu yake, kaa. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Utakanyaga, mimi nitafungua."

"Kama zamani, Bi Spana."

"Bi Spana alikufa. Niite fundi."

Kwenye kibanda cha pili, mama Filomena alikuwa akikaanga chapati. Siku zote ndiye aliyemkanyagia Hafsa pedali, kwa hiyo akafuta mikono akauliza, "Nije nikukanyagie, mwanangu?"

"Chapati zako zinaungua, mama."

"Mbona haziungui?"

"Zitaungua."

Mama Filomena akaitazama kanzu, akamtazama Hafsa, akarudi kwenye kikaango chake. Ila kigoda alikigeuza ili aone vizuri.

Kazi yenyewe si ngumu. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia chini. Mwingine, huku nyuma kwenye gurudumu, analegeza kidogo nipeli ya breki, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yanatoka pamoja na upepo, yanapita kwenye mpira mwembamba mpaka ndani ya chupa. Nipeli inakazwa, ndipo mguu unaachia. Sharti ni hilo tu: mguu usiinuke kabla nipeli haijakazwa. Ukiwahi, povu lililokwisha toka linafyonzwa na kurudi ndani, mkaanza upya. Enzi za mapenzi yao, Ukasha alikuwa akitoka zamu kwenye mitambo ya umeme ya Hale, anakuja jioni kumkanyagia, na Hafsa anamfokea huku anacheka: "We Bwana Umeme, usiachie mpaka niseme!"

Leo hakucheka.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akalegeza. Povu la kwanza likatokeza kwenye mpira, nene, jeupe. Hafsa akalitazama kidogo, mkono wa spana umetulia pale pale. "Achia."

Mguu ukainuka, nipeli ikiwa wazi bado. Povu likasita, likageuka, likarudi lilikotoka. Ndipo akakaza. Uso wake ulikuwa umeinamia gurudumu, kwa hiyo hakuna aliyeona jinsi alivyotabasamu.

"Tena. Kanyaga."

Wakaenda hivyo. Kanyaga, shikilia, achia. Upepo ukitoka unarudishwa, ukitoka unarudishwa, kama mke anayefungashiwa virago kila asubuhi na kila jioni anarudi.

"Anaitwa nani huyo wa Handeni?" Hafsa aliuliza, macho kwenye mpira.

"Fatu."

"Anapika?"

"Sana."

"Ananukia?"

"Anajifukiza udi."

"Hongera. Mimi nanuka petroli. Kanyaga."

Tone la mafuta ya breki likaruka likatua kwenye ncha ya kiatu cha Ukasha. "Samahani," Hafsa alisema bila kukifuta. "Mafuta haya yanakula rangi."

Simu ya Ukasha ikaita. Sauti ya mzee Athuman ilikuwa kubwa, haikuhitaji spika. "Uko wapi wewe mtoto? Sisi tumefika!"

"Korogwe, baba. Breki inasumbua."

"Iache hapo! Panda basi uje!"

"Nakuja nayo, baba. Fundi anamalizia."

Hafsa akacheka rohoni. Anataka kuingia Handeni na pikipiki lake kubwa ili mtaa mzima ugeuze shingo. Basi, aringe na asubiri.

Adhana ya adhuhuri ikaita, watu wakaenda kuswali, wakarudi. Kivuli cha bati kikasogea, kikamwacha Ukasha juani na koti lake. Jasho likamshuka mgongoni, kanzu ikaanza kumganda. Hakulalamika. Hafsa alishangaa kidogo kwamba halalamiki, lakini kisasi kikiwa kitamu mtu haulizi sana. Mama Filomena, ambaye chapati zake zilikuwa zimeungua kweli, akapaza sauti, "Mwanangu, breki hiyo ina upepo au ina pepo?"

"Ina vyote viwili, mama."

Simu ikaita tena. Safari hii, nyuma ya sauti ya mzee Athuman, Hafsa alisikia mifuniko ya masufuria, wanawake wakiimba, na mmoja wao, mtu mzima kwa sauti, akiuliza, "Sasa huyo bwana harusi vipi? Mbona wali unapoa?"

Spana ikamtulia Hafsa mkononi.

Sauti ile aliijua. Si mwenye nayo, bali ile namna ya kuuliza huku mtu anajikaza asilie mbele za watu. Huko Handeni kulikuwa na mama amefunga khanga kiunoni tangu alfajiri, na binti amekaa ndani na hina mkononi, na wote wawili hawakumkosea Hafsa lolote. Kisasi kilikuwa cha Ukasha. Wali ulikuwa wa mama mwingine. Kumbe ukimpiga mtu jiwe akiwa katikati ya watu, hulichagulii jiwe kichwa.

Ilimuuma kuacha, tena iliuma sana. Lakini alivuta pumzi akasema moyoni, mtengenezee aende, mwanaume wa watu, mmalizane.

"Kanyaga," alisema, na safari hii alisema kweli. "Shikilia." Akalegeza, povu likatoka zuri, likaanza kuteremka kwenye mpira kuelekea chupani. Akaanza kukaza. Povu likasimama, likarudi ndani.

Hafsa akakunja uso. Akarudia. Povu likatoka, likarudi. Akakagua nyuzi za nipeli, sawa. Akakagua washa, vile vipete vya mpira mkubwa wa breki, zimekazwa. Kikombe cha mafuta ya breki kimejaa. Akarudia tena, na safari hii hakutazama mpira. Alikitazama kile kiatu kilichodondokewa na mafuta.

Alikuwa hajasema achia. Spana ilikuwa haijasogea. Na kiatu kilikuwa kinainuka chenyewe, polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoka msibani bila kuaga.

"Ukasha."

"Naam."

"Mguu wako."

Mama Filomena aliacha kusukuma chapati.

"Umechoka?"

"Hapana."

"Tangu lini unaniinulia mguu?"

Ukasha akavua kofia, akajifuta nayo uso, ile kofia ya sherehe. "Tangu mwanzo nakuachia makusudi. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema achia kabla hujakaza. Nilijua, Hafsa. Ulinifundisha mwenyewe kazi hii. Nikasema alhamdulillah, huyu naye hataki niende. Halafu sasa hivi ukaanza kukaza vizuri. Nikaogopa, nikawa nauinua mwenyewe."

"Sikufanya kwa sababu sitaki uende!" Hafsa akasimama, spana mkononi, na watu wawili waliokuwa wanapita wakabadilisha njia. "Nilifanya uaibike! Usubiriwe usifike, kama ulivyotufanya sisi! Mama yangu alirudisha viti vya watu akiulizwa wageni vipi, unalijua hilo? Hakutoka nje mwezi mzima!"

"Viti gani?"

"Viti vya posa yako!"

"Hafsa, posa mliikataa ninyi."

Alilisema kwa uchungu wa kweli, na uchungu ule ndio uliomzuia Hafsa asimtwange na spana.

"Nani alikataa?"

"Baba mkubwa alikwenda yeye na mzee mwenzake. Akarudi akasema hawakukaribishwa hata maji, mmekwisha pokea posa ya mtu wa Muheza mwenye gari. Ningefanya nini? Mposaji hatangulii kwa wakwe, husubiri neno la mshenga. Ulipopiga simu nilikata, nilijua unanipigia kunicheka."

Hafsa akakaa juu ya tairi kuukuu. Mtu wa Muheza! Alimkumbuka mzee Athuman alivyopita siku moja hapa gerejini kumwona mchumba wa mwanawe, alivyotazama mikono yake, akauliza kama huo weusi hutoka ukioga. Hakufika Kilole kamwe. Hakufika hata mtaa wa kwanza. Alikunywa chai mahali, akarudi na uongo.

Na mjinga huyu akaumeza, kwa sababu mshenga amesema.

"Kwa hiyo leo ulikuja kunionyesha kanzu," alisema.

"Ndiyo. Nilitaka uumie. Nilipokuona umetoka chini ya pikipiki na grisi puani, nikaumia mimi."

Simu ikaita kwa mara ya tatu. Ukasha akaitazama. Hafsa akanyoosha mkono mweusi, akaichukua.

"Shikamoo, mzee Athuman."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Hafsa, wa Kilole. Mzee, nilikuwa na swali dogo. Ile siku ya posa mlifika nyumba gani? Maana kwetu tulipika."

Upande wa pili masufuria yaligongana. Kisha mzee akakohoa. "Binti, mambo mengine ni ya wazee. Na mjumbe hauawi."

"Hauawi, mzee, ni kweli. Lakini mjumbe ni yule aliyefika. Wewe hukufika." Utamu aliousikia kwenye ulimi wake ulizidi sukari. "Sasa nisikilize. Kijana wako anakuja, breki zake nzima. Ila haji kuvisha pete. Sitakuomba uwaambie wenyeji, kazi ya kusema imekwisha kukushinda. Kaa hapo hapo kwenye mkeka, umsikilize yeye."

Akakata. Mama Filomena akapiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo.

Ukasha alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, macho yamemtoka. "Hafsa mpenzi wangu, umenifungia mlango. Siwezi kusimama mbele ya watu wale. Nitampigia Fatu simu nimweleze."

"Utampigia simu!" Hapo hasira yote ya mwaka juzi ilimrudia Hafsa kwa mkupuo. "Ukae mbali, useme maneno mawili, ukate, kama ulivyokata yangu? Binti wa watu aachwe na hina mkononi, mama yake arudishe viti? Hapana. Utakwenda na miguu yako, na kanzu yako hiyo yenye jasho. Utasimama mbele ya mama aliyepika, useme mwenyewe kosa ni lako na binti hana ila."

"Watanipiga."

"Natumaini."

"Halafu nikirudi?"

"Sijakusamehe, Ukasha, usianze kupanga harusi. Ungepiga simu moja tu mwaka juzi, ukauliza kwa mdomo wako, tusingefika hapa. Panda. Kanyaga."

Akapanda, akakanyaga, na safari hii wote wawili walifanya kazi ya haki. Povu likatoka, nipeli ikakazwa, mguu ukaachia. Mapovu yakaja makubwa, yakaja madogo, mwisho mafuta yakatoka matupu, safi, bila hata tone la upepo. Kazi iliyokula mchana mzima ikaisha kabla chapati moja haijaiva. Hafsa akajaza mafuta kwenye kikombe, akafunga, akaisukuma pedali kwa kiganja. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Akazungusha gurudumu, akabonyeza, likakamata papo hapo.

"Umeikagua sana," Ukasha alisema kwa sauti ya chini, macho yamejaa matumaini ya kijinga.

"Barabara ya Handeni ina miteremko. Sitaki ufe njiani. Nataka ufike."

Usiku ule Hafsa hakulala vizuri, na asubuhi, nyumbani kwao Kilole, alimweleza mama yake yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema mtu yule na ukoo wake wasikanyage uani kwake. Kisha akatoka akakamata kuku. Alipoulizwa kuku wa nini, akajibu kuku ni wake.

Hodi ilipigwa jua likiwa limeshapanda. Hafsa akaenda, akasimama nyuma ya mlango bila kufungua.

"Nani?"

"Ukasha."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Mshenga sina, mdomo ni huu huu."

Hafsa akachungulia kwenye ufa wa mbao. Kanzu ilikuwa ile ile, ina doa la mchuzi kifuani. Shavu moja lilikuwa limevimba kama andazi.

"Nani kakupiga?"

"Shangazi yake Fatu."

"Na shavu la pili vipi, alichoka?"

"Fatu alimshika mkono. Aliniuliza nani kanituma nije kusema mwenyewe, nikamwambia. Akasema huyo mwanamke ana roho mbaya, nenda ukamwoe."

Hafsa akauma mdomo asicheke. Alimpenda binti yule bila kumwona. "Na baba yako mkubwa?"

"Wenyeji wamemwambia arudishe sufuria zote kwa majirani, yeye na koti lake. Nilimwacha amebeba sufuria ya tatu."

Pale nyuma ya mlango Hafsa alifumba macho akaiona picha ile, akaionja polepole, na kitu kilichokuwa kimemkaba tangu mwaka juzi kikaanza kulegea. Lakini hakufungua.

"Kaa hapo barazani," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka niseme."

Akavuta kiti akakaa ndani, mgongo kwa mlango. Ukasha akakaa nje, na jua likamfuata. Jirani mmoja akapita, akasimama, akauliza kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, "Mgeni vipi?" Ukasha akaitika kwamba anasubiri. Akapita wa pili, akauliza hivyo hivyo. Akapita wa tatu, mwenye vile viti vya kuazima. Kila mmoja alijibiwa kwa adabu, na kila jibu Hafsa alilisikia mpaka mwisho. Harufu ya tui la nazi ikajaa nyumba.

Jua lilipopinduka mama yake akatokea jikoni, mwiko mkononi. Alimtazama binti yake, akautazama mlango.

"Hafsa, hujamaliza tu kumwadhibu mtoto wa watu? Wali unapoa."

"Uache upoe kidogo, mama," Hafsa alijibu. "Ule wa kwanza ulipoa wote."

Akakaa kidogo tena. Kisha akainuka, akafunga khanga vizuri, akaenda kufungua mlango.